Walimpima Presha Mara Tano, Hawakumuuliza Analalaje

Kaa dakika kumi kwa kituo cha kuuzia majani, popote kati ya Kericho na Bomet, kabla lori la kiwanda halijafika. Sikiliza tu. Neno presha litapita karibu nawe mara kadhaa. "Fulani amepatikana na presha." "Huyu kijana wangu ataniletea presha." "Bonasi ya mwaka huu ni presha tupu." Neno ni moja lakini linafanya kazi mbili. Linataja ugonjwa unaopimwa kwa mkanda wa mkononi, na linataja yale mambo yanayokufanya uhesabu mabati usiku. Halafu mtu akianguka ghafla akafa, ukiuliza matangani alikuwa anaugua nini, utaambiwa, "Ni mawazo yalimuua." Hakuna anayeuliza zaidi. Jibu limetosha, watu wanarudi kwa chai.

Nimekuwa nikiizungusha hii mada kichwani kwa miezi. Msimamo wangu ni huu: wale wazee wa matangani wamepata nusu ya ukweli, na watu wa kliniki wamepata nusu nyingine, na hizo nusu mbili hazijawahi kuketi meza moja. Katikati yao kuna mtu mwenye kadi ya kliniki mfukoni na moyo unaochoka.

Huyo mtu, kwangu mimi, ni mjomba wangu. Kwetu tunamwita mama. Ndiyo, usishangae, kwa Kipsigis mama ni kaka ya mama yako, na wageni wakisikia mwanaume wa miaka hamsini na kitu akiitwa mama huwa wanageuka mara mbili. Hapa nitasema mjomba ili tusipoteane. Alinipa ruhusa ya kuandika haya, kwa sharti kwamba nisitaje kampuni wala hospitali wala jina lake. Haki yake.

Mjomba alichuna chai ya kampuni kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na ile nyumba ya kampuni, watoto wake wote walizaliwa wakiwa kwa hiyo nyumba, walisoma shule ya kampuni. Halafu mashine zikaja. Si lazima niwaeleze watu wa huku kuhusu mashine. Mei 2023 Kericho ilifika kwa habari za dunia kwa sababu watu waliandamana na mashine za kuchuna zikachomwa moto. Mjomba hakuchoma kitu. Yeye alikuwa ameshatoka kabla ya hapo, amefunga godoro na sufuria kwenye pikapu ya kukodi, akarudi kwa shamba la babu upande wa Konoin, ekari moja na robo iliyogawanywa kwa ndugu watatu. Fanya hesabu mwenyewe.

Mwaka wa kwanza tulidhani amenyamaza kwa sababu amechoka. Aliacha kusikiliza mpira kwa redio, mtu ambaye zamani ungemsikia akibishana na refa kutoka upande ule wa bonde. Aliacha kuimba kwaya. Aliamka saa nane usiku, akaketi nje kwa baridi ya huku, ile ya kuingia kwa mifupa. Ukimsalimia "Chamgei," anajibu "Chamgei mising," yaani mzima sana. Salamu yetu ni tamu lakini ina kasoro moja: jibu lake limeshaandikwa. Hata mtu anayezama anajibu mising.

Presha iligunduliwa kwa bahati, alipompeleka mtoto zahanati na muuguzi akasema wacha tukupime na wewe. Ilikuwa 170 kwa 110. Akapewa vidonge na kadi. Kabla ya lile tukio nitakalowaambia, alikuwa amerudi kliniki mara tano. Niliiona kadi yake, ina safu tano za namba zilizoandikwa vizuri kwa wino wa bluu. Mara tano mkanda ulifungwa mkononi, mara tano akaambiwa apunguze chumvi na asiwaze sana. Hakuna siku moja mtu alimuuliza, "Unalalaje? Kuna kitu bado kinakufurahisha?"

"Usiwaze sana." Nimefikiria sana kuhusu huo ushauri. Ni kama kumwambia mtu aliyenyeshewa asilowe.

Sasa, sayansi inasema nini? Nitaenda polepole kwa sababu hapa ndipo mitandao yetu inajaa vumbi, na mimi ni mmoja wa watu wanaoishi kwa mitandao.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uitwao INTERHEART. Ulifanywa katika nchi 52, Afrika ikiwemo. Sehemu iliyoangalia mambo ya akili ililinganisha watu zaidi ya 11,000 waliokuwa wamepata shambulio la moyo kwa mara ya kwanza na wengine zaidi ya 13,000 ambao hawakuwa wamepata. Waliulizwa kuhusu msongo wa kazini, wa nyumbani, wa pesa, matukio mazito ya maisha, na dipresheni. Waliopata shambulio la moyo walikuwa wamebeba zaidi ya hiyo mizigo. Utafiti huo ulitoka na mambo 9 yanayobeba karibu hatari yote ya shambulio la moyo, na msongo wa akili uliketi kwa orodha moja na sigara, presha, sukari, kitambi na mafuta mabaya ya damu. Haukuwa mkiani.

Kuna tahadhari hapa. Hao watu waliulizwa baada ya moyo kushambuliwa. Mtu aliyetoka kuponea kifo hutafuta sababu, na akitafuta atapata. Ndiyo maana wanasayansi hawakukomea hapo. Tafiti nyingine zimechukua watu wazima wa moyo, zikawapima dipresheni kwanza, halafu zikawafuata miaka na miaka. Zinarudi na habari inayofanana: wenye dipresheni hupata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Wasiwasi uliopitiliza nao umeonekana hivyo hivyo, ingawa ushahidi wake una mikwaruzo zaidi.

Mwili unafanyaje? Ukishtuka, tuseme ng'ombe mkali ametoka kwa kichaka, mwili unamwaga adrenalini. Moyo unakimbia, mishipa inabana, damu inajiandaa kuganda ili ukikatika usivuje sana. Ni mpango mzuri wa dakika tano. Shida ni pale ng'ombe haondoki. Deni la duka halirudi kwa kichaka. Homoni nyingine, kotisoli, inakaa juu mwezi baada ya mwezi, sukari na mafuta ya damu yanavurugika, kuta za mishipa zinapata mwako mdogo wa ndani usiozimika, na zile chembe za kugandisha damu zinakuwa za kunata zaidi. Uliza mtu yeyote wa kiwandani kinachotokea kwa mtambo unaoendeshwa usiku na mchana msimu wote bila fundi kuufungua.

Hiyo ni njia moja. Ya pili haihitaji darubini. Mtu mwenye dipresheni hatembei, hali vizuri, anavuta zaidi, na huku kwetu kuna chang'aa kila baada ya mto, pombe ambayo inamnyamazisha mtu saa tatu na kupandisha presha yake wiki nzima. Na zaidi ya yote, hamezi dawa. Si kwa ukaidi. Kumeza dawa ya presha kila asubuhi ni kitendo cha mtu anayeamini kesho ipo na ina maana. Ukimwondolea hiyo imani, kidonge ni kitu kidogo cheupe tu.

Na njia inarudi nyuma pia. Mwaka 1993 watafiti wa Montreal, Kanada, walifuatilia wagonjwa 222 waliolazwa kwa shambulio la moyo. Baada ya miezi 6, wale waliokuwa na dipresheni hospitalini walikuwa na hatari ya kufa mara nne hivi kuliko wenzao, hata baada ya kuzingatia jinsi moyo wenyewe ulivyoharibika. Tangu hapo suala hili limefanyiwa utafiti mwingi, na mwaka 2014 chama cha moyo cha Marekani, American Heart Association, kikapendekeza dipresheni itambuliwe kuwa kitu kinachoharibu matokeo ya mtu aliyeshambuliwa na moyo.

Kuna hata ugonjwa ambao Wajapani waliueleza kwanza, mwaka 1990 na kuendelea, unaitwa takotsubo. Mtu, mara nyingi mama aliyevuka umri wa kuzaa, anapokea habari mbaya sana, na sehemu ya chini ya moyo wake inavimba ghafla na kulegea kama chungu cha kutegea pweza, ndiyo maana ya hilo jina. Anafika hospitali na dalili zote za shambulio la moyo lakini mishipa haijaziba. Wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Nautaja kwa sababu ni mzuri kusimulia, lakini si huo unaotumaliza. Huku tunamalizwa na ule wa polepole.

Kwa hiyo wazee wa matangani hawakubuni kitu. Hata Kiswahili chenyewe kinajua. Tunasema mtu amekufa moyo, na hatumaanishi kaburi, tunamaanisha amekata tamaa. Tunasema mpe moyo. Tunasema moyo wangu ni mzito leo. Mababu waliweka hivi vitu viwili kwa chumba kimoja kabla ya darubini yoyote.

Lakini nusu ya pili ya kile wazee wanachosema ndiyo inayonitia hofu. Kama presha ni mawazo, basi mawazo yakitulia presha imeisha, si ndiyo? Hivyo ndivyo mjomba alivyofikiri. Alikuwa anameza dawa siku ambazo kichwa "kimejaa", na siku ambazo amelala vizuri anairuka, kwa nini umeze dawa ya kitu ambacho leo hakipo? Nimeuliza watu wa hapa kijijini, na nimekuta wengi wanafanya hivyo. Mmoja aliniambia anajua presha imepanda kwa sababu shingo inakaza. Jamani. Presha haina sauti. Inaweza kuwa 180 na wewe unacheka harusini. Shingo inaweza kukaza na presha iko chini kabisa, umelala vibaya tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu Mkenya mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa maishani mwao. Hao wote wanasubiri shingo iwaambie.

Mawazo yanaweza kuchangia presha. Hayawezi kuwa kipimo chake. Na ukishapewa dawa ya kila siku, ni ya kila siku, iwe umefurahi au umelia. Hii sentensi ningeibandika kwa kila mlango wa zahanati.

Usiku wa lile tukio mjomba alihisi kifua kimebana na kiungulia kimepanda. Akasema ni alsa. Huku kila kitu kati ya shingo na kitovu ni alsa. Akanywa maziwa, akatafuna zile tembe za kiungulia za dukani, akangoja asubuhi. Asubuhi jasho lilikuwa linamtiririka na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Boda boda, halafu matatu, halafu gari la jirani, mpaka hospitali yenye mashine ya kupima umeme wa moyo. Shambulio la moyo. Aliishi. Wenye kifua cha kubana kinachokaa zaidi ya dakika kadhaa, na jasho, na mkono au taya kuuma, tafadhali msinywe maziwa mkalala. Nendeni usiku huo huo.

Hapa kuna mtu atasema, si tuko na Tenwek? Ni kweli, Bomet tuna bahati ambayo kaunti nyingi hazina, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1937 na ambayo leo inafanya upasuaji wa moyo kwa kufungua kifua. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza kwa mtoto kuumwa koo na kukosa antibiotiki. Huo ni ugonjwa mwingine, na una posti yake siku nyingine. Moyo wa mjomba haukuharibika hivyo, uliziba mishipa.

Alitolewa hospitali na aina tano za dawa. Na sasa ndipo alipozama kabisa. Kabla ya hapo alikuwa mtu aliyepoteza kazi. Baada ya hapo akawa mtu ambaye mkewe anamkataza kubeba debe la maji, watoto wanamwangalia akipanda kilima kana kwamba ni yai. Miezi mitatu hakusema zaidi ya sentensi kumi kwa siku. Kliniki ya moyo walisema anaendelea vizuri. Na kweli, moyo ulikuwa unaendelea vizuri kwa karatasi.

Senge, shangazi yangu upande wa baba, ana maoni yake kuhusu haya yote na hayafichi. "Mpatieni ardhi, mpatieni kazi, mtaona kama ataugua hiyo dipresheni yenu." Siwezi kumcheka. Ana hoja. Ukikaa mwaka mzima ukingoja bonasi ya Oktoba, halafu inakuja ndogo wakati wenzako wa mashariki ya Bonde la Ufa wanahesabu kubwa, au mvua ya mawe inapita dakika kumi na tano na majani ya wiki mbili yanabaki matambara, huhitaji daktari akuambie kwa nini hulali. Hakuna kidonge cha bonasi. Na mimi sitaki tuanze kuita kila huzuni ugonjwa ili tuwaache huru waliosababisha.

Ila kuna mstari, hata kama ni mwembamba. Huzuni ya kupoteza kazi huja na kuondoka, siku ya harusi ya mpwa unacheka. Sonona, kama Watanzania wanavyoiita dipresheni, inakaa siku nyingi mfululizo, wiki mbili na zaidi, inafunika hata vitu vizuri, inakula usingizi, chakula, nguvu, na mwishowe inakuambia kwamba wewe ni mzigo. Mtu akifika hapo, hata ukimpa ekari tano atazitazama tu. Anahitaji tiba ndipo aweze kudai hiyo ardhi. Nilimwambia senge hivyo. Alisema nimesoma sana. Tuliacha hapo.

Aliyembadilisha mambo mjomba ni muuguzi kijana, kliniki tofauti, siku ambayo daktari alichelewa. Wakati wa kungoja alimuuliza yale maswali 9 yanayotumika dunia nzima kupima dipresheni, na ambayo yamewahi kujaribiwa huku magharibi mwa Kenya yakaonekana yanafanya kazi. Maswali mepesi tu, ya wiki mbili zilizopita. Mjomba hajibu maswali ya watu, lakini siku hiyo alijibu kwa karibu dakika arobaini. Mke wake, aliyekuwa ameketi kando, aliniambia kuna mambo aliyasikia kwa mara ya kwanza, na wameoana miaka ishirini na sita.

Alianzishiwa mazungumzo ya kila wiki mbili na dawa. Hapa nina jambo la maana kwa wenye mgonjwa wa moyo nyumbani: si kila dawa ya dipresheni inafaa moyo uliojeruhiwa. Amitriptilini, ambayo ni ya bei nafuu na iko kila mahali, inaweza kuvuruga mapigo. Setralini ilijaribiwa hasa kwa wagonjwa wa moyo, matokeo yakatoka mwaka 2002, na ikaonekana salama kwao. Kwa hivyo mwambie daktari wa akili kuhusu moyo, na daktari wa moyo kuhusu akili. Usidhani wanaongea. Hawaongei.

Je, kutibu dipresheni kunaokoa moyo? Wengi wanaotengeneza video kuhusu haya mambo wanaruka hapa. Mwaka 2003 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 2,481 ulionyesha kwamba tiba ya mazungumzo ilipunguza dipresheni, lakini vifo na mashambulio ya moyo havikupungua. Mwaka 2018 utafiti mdogo wa Korea Kusini, wagonjwa 300, ulionyesha kwamba waliopewa dawa ya dipresheni walipata matatizo makubwa ya moyo kwa uchache zaidi miaka iliyofuata. Kwa hivyo mjadala haujafungwa. Mtu akikuuzia kwamba tabasamu linatibu presha, mkimbie. Lakini mimi sihitaji moyo uwe kisingizio cha kutibu dipresheni. Mjomba anameza dawa zake tano sasa kila siku. Na anabishana tena na refa. Si kila wiki. Kuna wiki anarudi kule kwa kimya, tunamwona anavyorudi, lakini sasa kuna pa kumpeleka.

Ninachotaka si kikubwa. Jopo la serikali kuhusu afya ya akili, likiongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali hii itangazwe kuwa janga la kitaifa. Sawa. Lakini janga la kitaifa ni neno la Nairobi, mimi niko Konoin. Hapa tuna wahudumu wa afya ya jamii, hawa tunaowaita CHP. Septemba 2023 serikali ilizindua zaidi ya 100,000 kati yao nchi nzima, na mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Hiyo mashine sasa inafika mlangoni kwako. Inafunga mkanda, inasoma namba, inaondoka. Kwenye huo mkoba kuna nafasi ya maswali mawili, yale mawili ya kwanza kwa yale 9: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia chini, mwenye huzuni au bila tumaini? Hayana betri. Yanachukua dakika mbili. Akijibu kwamba ni siku nyingi, basi anaulizwa yale mengine.

Najua pingamizi. Akisema ndiyo, CHP atampeleka wapi? Na yule mama analipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, tena zikichelewa, unamwongezea mzigo wa roho za watu? Pingamizi la kwanza lina jibu la nusu. Zimbabwe walianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani kuketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza nao kwa mpangilio kuhusu kile Washona wanakiita kufungisisa, yaani kuwaza sana. Unaona? Hata wao ni mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita watu waliokaa kwenye hizo benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Huku mabibi tunao, na hawaogopi kuuliza kitu. Pingamizi la pili sina jibu zaidi ya kusema walipwe, na walipwe kwa wakati. Na kwa yule ambaye mawazo yamefika mahali pa kutaka kuacha kuishi, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, piga usiku huu, usingoje CHP wa Jumanne.

Wetu alikuja Jumanne iliyopita. Alimpima mama yangu mzazi, 148 kwa 92, akaandika. Nilimwomba amuulize na yale maswali mawili, akacheka kidogo akasema haya hayapo kwa fomu, lakini akauliza, kwa Kipsigis, polepole. Mama alikuwa anachambua isagek na hakuinua macho. La kwanza alilijibu haraka, kwamba hana shida, kazi ni kazi. La pili akanyamaza. Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Hiyo ya pili rudia."